Umepima?

Mtanzania akikuuliza "Umepima?" bila kutaja kitu, humrudishii swali la "Nini?" Kitenzi hiki kina kazi nyingi za tangu na tangu. Dukani tunapima sukari, sokoni tunapima mchele kwa kibaba na pishi, kwa fundi cherehani tunapimwa bega na kiuno, na watu wa ardhi wanapima viwanja. Pima lenyewe lilikuwa jina la kipimo: urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mkubwa akiona ulimi wako umeanza kuteleza, hukuambia upime maneno. Kazi zote hizo zingalipo. Lakini katika miaka arobaini hivi kitenzi hicho hicho kimekubali kubeba, kikiwa peke yake, bila shamirisho, jambo ambalo watu wanaogopa kulitaja: kujua kama mwilini mwako mna virusi vya Ukimwi, VVU. "Kabla ya ndoa tukapime." "Mwenzangu hataki kupima." "Mimi nilishapima."

Tazama kauli yake. Tunasema "nimepima", hatusemi "nimepimwa", ingawa aliyechoma kidole, aliyedondosha damu kwenye kipimo na aliyesoma majibu ni mhudumu wa afya. Ni kweli tunasema hivyo hata kwa malaria na presha. Kwa malaria ni mazoea ya ulimi tu. Kwa VVU mimi nasikia na jambo jingine. Anayesema "nimepima" anajitaja kuwa mtenda. Aliamua mwenyewe, akaenda, akakaa kwenye benchi, akasubiri. Anayesema "nimepimwa" ukimsikiliza vizuri mara nyingi ana habari tofauti: alikuwa mjamzito kliniki, alilazwa wodini, au viongozi wa dini walimdai cheti kabla ya kufungishwa ndoa.

Jitihada za serikali zetu za kupanua upimaji wa VVU zinasomeka vizuri sana katika minyambuliko ya kitenzi hiki: pima, pimwa, pimiwa, pimisha, jipime. Kila umbo lina mtenda wake. Na kila serikali ilipombadili mtenda, waliofika kituoni walikuwa watu wengine, na hofu waliyokuja nayo ilikuwa nyingine.

Mwanzoni hapakuwa na mtu katika sentensi. Kilichopimwa ni damu. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Kipimo cha kwanza cha kugundua maambukizi kiliidhinishwa Marekani mwaka 1985, na kazi yake ya awali ilikuwa kulinda akiba ya damu ya kuwaongezea wagonjwa. Chupa iliyokutwa na maambukizi iliondolewa. Kumwambia mwenye damu lilikuwa jambo jingine, gumu, kwa sababu hapakuwa na dawa ya kumpa, na maneno ya kumwambia yalikuwa hayajatungwa.

Kagera walikuwa na Juliana, jina la kitambaa kilichovuma siku zile katika biashara ya mpakani na Uganda, wakaupa ugonjwa jina hilo. Waganda walisema silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Serikali ilihitaji jina lisilomsingizia mfanyabiashara wala jirani, likapatikana UKIMWI. Kwanza lilifafanuliwa kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini, baadaye Upungufu wa Kinga Mwilini. Wenzetu wa Kenya wanalo neno hilo hilo, ilhali Kiswahili cha Kongo, kama lugha za Rwanda na Burundi, kilichukua sida ya Kifaransa. Badiliko la ukosefu kuwa upungufu nalihesabu kuwa la heri. Aliyekosa hana kitu. Aliyepungukiwa bado anacho kiasi, na kiasi huweza kuongezwa. Walioirekebisha istilahi hiyo walikuwa wameacha mlango wazi kwa ajili ya dawa ambazo zilikuwa bado hazijafika kwetu.

Mtaani mambo yalikwenda kwa njia yake. Hata ufupisho wa Kiingereza, AIDS, vijana waliupa kirefu cha Kiswahili: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Yakaja ngoma, mdudu, umeme, miwaya. Mtu "amekanyaga waya", mtu "ameungua". Nilikulia katika msamiati huo na najua nguvu yake. Lugha ya umeme inasema neno moja tu, kwamba ukigusa umekwisha. Nani atoke nyumbani kwake asubuhi, apande daladala, aende kuthibitisha kwamba amekwisha? Mwanasiasa aliyetaka watu wapime miaka ile alikuwa anashindana na kamusi nzima ya mtaani, na kamusi hiyo ilikuwa inasemwa kila siku kijiweni, bure, kwa vicheko.

Na hadi leo wengi tunasema "kupima Ukimwi". Kipimo cha kidoleni hakioni Ukimwi. Kinachotafuta ni kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza baada ya kukutana na VVU. Ukimwi ni hali inayokuja baadaye, kinga ikishaporomoka, na mtu anayetumia dawa vizuri anaweza kuishi hadi uzeeni asiifikie. Nyaraka za serikali zimeshahama, zinasema "upimaji wa VVU". Ningewasihi watangazaji wa redio na waandishi wa magazeti wahame nao. Anayemwalika mtu "akapime Ukimwi" amemtangulizia jeneza, na mtu akisita hatuna haki ya kumwita mzembe.

Istilahi iliyotawala miaka ya mwanzo ya upimaji ni ndefu kama treni: ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Wapo waliolalamika kwamba ushauri na nasaha ni kitu kimoja, maneno mawili ya asili ya Kiarabu yaliyofungwa pamoja bila sababu. Mimi naitetea. Shauri kwa Kiswahili lina pande mbili. Tunakaa shauri, tunashauriana, tunafuata shauri la wazee. Lakini pia tunasema "shauri yako", yaani utajiju, mimi simo. Neno hilo hilo linalomkumbatia mtu linaweza kumtupa. Nasaha haina upande huo wa pili. Hakuna Mswahili anayesema "nasaha yako" kwa maana ya kumtelekeza mtu. Nasaha hutoka kwa anayekutakia heri. Ukiyaweka maneno hayo pamoja, moja linakaba nafasi ambayo jingine limeiacha wazi. Na kutokana na nasaha tukampata mnasihi, jina zuri la kazi ngumu: mtu anayekaa na mgeni chumbani, mlango umefungwa, akijua kwamba baada ya robo saa huenda atalazimika kumpa habari itakayobadili maisha yake.

Kisha hiari. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na watunga sera walipolichagua neno hilo walichukua pamoja nalo ahadi nzima iliyomo ndani ya methali: kitu utakachokifanya kwa kutaka kina nguvu kuliko kile ulichosukumiwa. Ahadi hiyo ilipata watetezi wakubwa pale viongozi walipoanza kusema waziwazi. Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa la Kenya mwezi Novemba 1999. Rais Benjamin Mkapa alifanya hivyo kwa Tanzania tarehe 31 Desemba mwaka huo huo, katika salamu za mwaka mpya, na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ikaundwa kwa sheria mwaka 2001. Mwaka huo ndipo shirika la AMREF, kwa fedha za Wamarekani, lilipoanzisha vituo vya upimaji vya Angaza.

Sijui istilahi ya afya iliyopata jina la mtaani zuri kuliko Angaza. Kuangaza ni kutoa mwanga, na kuangaza macho ni kutazama huku na huku usije ukajikwaa. Aliyesema "nakwenda Angaza" hakulazimika kutaja damu, virusi wala kifo. Jina lilimstahi. Kasoro yake ni kwamba hiari, ikiachwa peke yake, hutembea polepole. Mtu alihitaji nauli, siku ya mapumziko na ujasiri, vyote vitatu kwa wakati mmoja. Wakulima wa vijijini, wavuvi wa kambini na madereva wa malori mara nyingi walikuwa na kimoja au viwili.

Tarehe 14 Julai 2007, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma Kikwete, walipima hadharani kuzindua kampeni ya kitaifa. Lengo lilikuwa kuwafikia watu zaidi ya milioni 4. Kilichonigusa ni kauli. Amiri jeshi mkuu, mtu ambaye kisarufi kila siku ni mtenda anayeamuru wengine watende, alinyoosha mkono wake akatolewa damu kama raia yeyote. Akawa mpimwaji. Na kwa kufanya hivyo akawapa wananchi nafasi ya kusema "nimepima" kwa sauti, kwa maana tendo lililofanywa na rais haliwezi tena kuwa la wahuni peke yao.

Baada ya hapo upimaji uliwafuata watu. Ulikwenda minadani, stendi, kwenye maonyesho ya Nanenane na kwenye mikesha ya Mwenge wa Uhuru. Aliyewahi kuliona banda la upimaji kwenye mkesha wa Mwenge analijua: turubai, viti vya plastiki, meza mbili, kasha la njano la vitu vyenye ncha kali, muziki mkubwa upande wa pili wa uwanja. Mhudumu anafuta kidole kwa pamba yenye spiriti, anachoma, anakinga tone kwa kimrija, analiweka kwenye kipimo, anaongeza matone ya kimiminika kutoka kwenye kichupa. Dakika kumi na tano. Mstari mmoja, hakuna maambukizi. Miwili, kinahitajika kipimo kingine cha kuthibitisha.

Nje ya banda, watu waliokaa foleni wanasoma kitu kisichoandikwa popote: muda. Anayetoka upesi wanamwona yu mzima. Anayekawia wanamtazama anapotoka, kisha wanatazamana. Wanasihi wazuri wanalijua hilo, na huhakikisha kila mtu anakaa ndani muda ule ule, hata kama hakuna la kumwambia, wakazungumza naye habari za kilimo au za mpira. Nikiulizwa maana ya faragha nitataja hilo kabla ya kuta na mapazia. Sheria inaweza kuagiza siri, lakini dakika zinazolingana zinatolewa na mtu mmoja mwenye huruma aliyechoka saa nane ya usiku.

Kisha zikaandikwa ripoti, na kwenye ripoti kauli ikageuka: "watu kadhaa walipimwa". Sipingani na takwimu, serikali haiwezi kupanga bila hesabu. Ila yule aliyesema "nimepima" uwanjani, kwenye ukurasa wa taarifa ya halmashauri anageuka kuwa mtendwa. Hatari inaanza pale mganga anapopewa lengo la idadi kwa mwezi, na idadi inapoanza kumtazama mtu kama sehemu ya lengo.

Duniani upepo ulikuwa umeshageuka. Botswana, chini ya Rais Festus Mogae, ilianza mwaka 2004 kumpima kila anayefika hospitali isipokuwa aliyekataa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakatoa mwongozo wa namna hiyo kwa nchi zenye maambukizi mengi, nasi tukapata istilahi nyingine ndefu: upimaji unaoanzishwa na mtoa huduma. Swali la zamani lilikuwa "Ungependa kupima?" Jipya likawa "Leo tutakupima na VVU pia, isipokuwa kama hutaki." Kwenye karatasi ni sentensi nzuri. Kwenye kliniki yenye akina mama sitini na muuguzi mmoja, nusu ya pili ya sentensi huliwa na kelele. Kinachobaki ni "tutakupima".

Nisieleweke vibaya. Njia hii imeokoa watoto. Mama akijulikana mapema ana maambukizi, akaanzishiwa dawa, mtoto wake ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa na kunyonya bila kuambukizwa, na hakuna neno lolote la kitaaluma linalozidi uzito wa jambo hilo. Ninachodai ni kwamba ridhaa ibaki na maana yake. Pwani tunalijua neno ridhaa tangu katika ndoa. Bibi harusi huulizwa kama ameridhia, na kwa mila ya wengi kimya chake huhesabiwa kuwa ndiyo. Mila hiyo ina mahali pake na watu wake. Isihamishiwe kliniki. Mjamzito wa miaka kumi na tisa aliyeinamisha kichwa mbele ya sare nyeupe hajaridhia; ameogopa.

Sheria yetu inalisema hilo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, namba 28 ya mwaka 2008, inataka mtu apime kwa ridhaa yake. Kumpimisha mtu kwa lazima kumebaki kwa wachache: kwa amri ya mahakama, kwa anayetoa kiungo au tishu za mwili wake, na kwa mkosaji wa makosa ya kujamiiana. Mhudumu anayemlazimisha mtu mwingine yeyote ametenda kosa. Ni ulinzi mkubwa, lakini ulitungwa kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa sheria zetu nyingi. Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021. Kwa miaka isiyopungua 13, basi, haki ya kusema "hapana" iliandikwa kwa lugha ambayo mwenye haki hakuisoma, wala hakuona bango lake ukutani kliniki kwake. Bango hilo halihitaji fedha za kigeni. Linahitaji karatasi, gundi na sentensi moja: Una haki ya kukubali, una haki ya kukataa, na hutanyimwa huduma nyingine.

Kenya walipata funzo lao kwa njia ya kitenzi kingine, kuorodhesha. Mwezi Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na majina yao. Watetezi wa haki walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba, hasa haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Nia ya serikali huenda ilikuwa kuwapelekea watoto huduma. Lakini orodha yenye majina, ikipita kwa mwalimu, mtendaji na mkuu wa wilaya, huzaa woga, na mzazi aliyesikia habari ya orodha hatampeleka mtoto wake kupima. Kupanua upimaji kunaanza na kuijua mipaka ya kalamu ya serikali.

Umbo jipya kuliko yote ni jipime. Novemba 2019 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ile ya 2008 kwa mambo mawili: umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15, na mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa amezindua jijini Dodoma kampeni ya Furaha Yangu, yenye amri tatu: Pima, Jitambue, Ishi. Ukiweka kando yake methali iliyotumika sana miaka ya nyuma, mficha maradhi kifo humuumbua, utaona safari ya nchi nzima. Zamani tuliwapeleka watu kupima kwa kuwatishia kifo na aibu. Sasa neno la mwisho kwenye bango ni ishi.

Kiambishi -ji- kinanivutia kwa sababu kinamrudishia mtu mkono wake. Unapaka kijiti kwenye fizi, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika ishirini, unasoma peke yako. Hakuna benchi, hakuna wanaohesabu dakika ulizokaa ndani. Kwa mwanamume ambaye hajawahi kukanyaga zahanati tangu chanjo za utotoni, hii ni nafasi ambayo hakuwahi kupewa. Wanawake hukutana na serikali kwenye mimba na kwenye chanjo za watoto. Wanaume wengi hawakutani nayo popote. Ndiyo maana kuna umbo la kitenzi ambalo halimo kwenye mwongozo wowote, lakini ndani ya nyumba zetu lipo: kupimiwa. Mke anarudi kliniki na majibu mazuri, mume anasema "basi na mimi nipo salama". Amepimiwa na mkewe. Sarufi inaliruhusu umbo hilo, ila damu hailitambui, kwani wapo wenza wengi wenye majibu tofauti, mmoja anayo maambukizi na mwingine hana, na wameishi hivyo miaka.

Lakini -ji- isiwe njia ya serikali kujivua kazi. Kipimo cha kujipima hakitoi majibu ya mwisho. Mistari miwili nyumbani inamaanisha lazima uende kituoni kuthibitisha, na kati ya mistari hiyo na mlango wa kituo upo usiku mmoja ambao mtu anaupitia bila mnasihi. Kila pakiti inayotolewa iandikwe, kwa Kiswahili cha kawaida na kwa herufi zinazosomeka, namba ya simu ambayo kweli inapokelewa.

Na majibu yenyewe? Chanya na hasi zilitoka kwenye hesabu, zikaingia maabara, zikafika kwenye meza ya mnasihi. Huku nje tunawaambia vijana wawe na mtazamo chanya, mle ndani tunawaambia damu yao ni chanya. Wanasihi niliowasikia hawayatumii maneno hayo. Wanasema "majibu yanaonyesha una maambukizi ya VVU" au "hayaonyeshi maambukizi", polepole, kisha wananyamaza ili mtu apate pumzi. Mwathirika nalo limeondoka kwenye nyaraka, na lilistahili kuondoka, kwa sababu lilimtaja mtu kwa pigo alilopata. Nafasi yake imechukuliwa na WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, jina lililobeba kitenzi kuishi. Dawa zao tunaziita dawa za kufubaza virusi. Kilichofubaa kimepoteza makali na rangi yake, kipo lakini hakina nguvu. Virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo cha wingi wake, mtu huyo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Kweli hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kupima leo, na haijasikika mitaani hata kidogo kama ilivyosikika miwaya.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya Ukimwi wa 2022–2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali yao. Kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa. Lengo la dunia ni 95 kwa kila hatua. Isome tena ile ya kwanza. Dawa zipo, zinafanya kazi, wanaozianza wengi wanaendelea nazo. Pengo liko kwenye kupima.

Pengo hilo lina jina la kiofisi: vitendanishi. Ni neno ninalolipenda kwa utunzi wake. Chukua tenda, ongeza -an- ya wao kwa wao, ongeza -ish- ya kusababisha, utapata kitu kinachofanya vitu viwili vitendane: damu na kemikali vikutane, mstari utokee. Kwa wengi neno hili linasikika pale tu vinapokosekana. "Vitendanishi vimekwisha, rudi wiki ijayo." Nimesimama nyuma ya kijana aliyeambiwa hivyo katika kituo kimoja. Alishukuru kwa adabu, akaondoka haraka, na kwa jinsi alivyoondoka sikuona mtu atakayerudi. Mtu anayepata ujasiri wa kupima anaupata kwa siku moja. Bohari ya Dawa haina budi kuihesabu siku hiyo.

Kwa miaka zaidi ya ishirini sehemu kubwa ya vitendanishi, mafunzo ya wanasihi na mabanda ya vijijini imelipiwa na Wamarekani na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na kazi za upimaji katika jamii zikayumba katika nchi nyingi za Afrika. Tanzania ina Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI, uliowekwa kwa sheria mwaka 2015, na wabunge wanao uwezo wa kuutengea fedha za uhakika kila mwaka. Waulizwe, jimboni na bungeni, ni kiasi gani kimeingia na ni vitendanishi vingapi vimenunuliwa. Waziri wa afya aulizwe kuhusu bango la ridhaa. Baraza la Kiswahili, BAKITA, na Wizara ya Afya wakae pamoja waandike kijitabu kimoja cha maneno ya chumba cha majibu, kiwafikie wanasihi wote, pamoja na wale wa Pemba, Kigoma na Ukerewe.

Na wewe msomaji, kama jibu lako kwa swali lililo juu ya makala haya ni hapana, au ni kwamba mwenzako amekupimia: kupima VVU katika vituo vya afya vya serikali ni bure.